Fundi Aliyeficha Mstari wa Pili

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na binti wa rafiki yangu wa zamani, nikaambiwa baba amefariki alfajiri, kifua kimemshinda. Nilisema maneno yanayosemwa, nikakata simu, kisha nikangoja tangazo la redio ili nimsikie marehemu akigeuzwa kuwa mtu mwingine. Halikuchelewa. Msomaji wangu wa siku nyingi anajua nilivyo na ugonjwa wa kusikiliza matangazo ya vifo. Nimegundua kwamba katika mji huu hafi mtu mvivu, hafi mtu mchoyo, wala hajawahi kufa mwongo hata mmoja. Hao sijui tunawapeleka kufia wapi. Rafiki yangu naye alitangazwa kuwa mchapakazi, mpenda watu, na mtu ambaye hakuwahi kusema uongo maishani mwake. Hapo kwenye uongo nilicheka peke yangu jikoni, mke wangu akaja kuniuliza kama niko salama. Mimi nilikuwapo aliposema uongo. Tena niliuchapa mwenyewe kwa mashine, nakala tatu, na pambizo zilikaa vizuri.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, katika ofisi moja iliyogawa dawa kwa zahanati na hospitali, chini kidogo ya maduka ya Muhima, mjini Kigali. Sitaitaja, nayo haipo tena. Mimi nilikuwa karani wa barua. Yeye alikuwa mtu wa kompyuta, na kwa kuwa cheo chake cha Kifaransa kilikuwa kirefu kuliko mshahara wake, sote tulimwita Fundi. Alikulia Bukavu, akaja Kigali kwa mjomba wake, na Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo ile ya ziwa, kimelegea na kitamu. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja kubwa kama kabati la nguo, ikiendesha skrini nne. Mbili zilikuwa ghalani. Moja ilikuwa ya mama mchapaji, mjane wa Nyamirambo aliyeingiza oda za dawa mstari kwa mstari tangu saa moja asubuhi. Ya nne ilikuwa juu ya meza ya Mkurugenzi, kwa sababu Mkurugenzi mwenzake wa ofisi jirani alikuwa nayo.

Tatizo lilikuwa kwamba mashine ilikuwa inakwenda kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Mama anaandika mstari mmoja, anangoja. Anaandika wa pili, anaweka kidole shavuni, anangoja. Orodha ya dawa za kupakia, iliyotakiwa kutoka saa nne, ilitoka saa tisa, na malori yaliyongoja chini hayakuweza tena kwenda popote, maana siku zile barabara za kaskazini zilikuwa na vizuizi na hakuna dereva mwenye akili aliyetaka kukutwa na jioni njiani. Huko kaskazini ndiko zilikokuwa kambi za watu waliokimbia vita. Kwa hiyo dawa zililala Muhima, nasi tukaenda nyumbani kwa wakati, jambo ambalo ofisi yetu haikuwahi kulichelewesha.

Malalamiko yalipozidi, akaletwa mshauri kutoka Ulaya. Alishuka uwanja wa ndege wa Kanombe na diski mfukoni, na ndani ya diski mlikuwa na programu ya kupima programu nyingine. Fundi alinieleza baadaye kwa lugha ambayo hata karani anaielewa. Programu kubwa imegawanyika katika vipande, na kila kipande kinapotaka kazi ifanyike kinakituma kingine, nacho kinakituma kingine, hadi mwisho wa mnyororo yupo mmoja anayetoka jasho. Chombo kile kinaisimamisha mashine ghafla, mara nyingi mno kwa dakika moja, na kila mara kinaandika nani yuko kazini na nani kamtuma. Lakini usipokirekebisha, kinakuonyesha yule wa mwisho tu. Mshauri hakukirekebisha. Alikitazama nusu saa, akaona kwamba karibu kila mara mashine ilikutwa katika kipande kiitwacho «tafuta jina la dawa», akafunga mkoba wake. Majina yanatafutwa sana, alisema, kwa kuwa yanaandikwa vibaya. Nani anayaandika? Mama mchapaji. Alituachia chombo chake pamoja na neno hilo, akaenda kutazama sokwe.

Mama alisikia habari zake mwenyewe kutoka kwa dereva. Alikuja mezani kwangu, akasimama.

«Wanasema sijui kuandika.»

«Nani anasema?»

«Mzungu. Mimi nimefundishwa na masista miaka saba. Paracetamol naiandika hata nikiwa na homa.»

Fundi alikuwa akisikiliza. Siku ile watu walipokwenda kula mchana yeye alibaki na kitabu cha maelezo cha chombo kile, kitabu kinene ambacho mshauri alikuwa hajakifungua hata kwa heshima. Alikaa nacho siku tatu za chakula cha mchana. Akagundua kwamba unaweza kukiamuru kionyeshe mnyororo mzima badala ya mwisho wake. Unaweza kukiambia kifiche vipande vya mashine yenyewe, vile visivyomhusu mtu, ili karatasi isijae takataka. Unaweza pia kukipindua, aliyeanza kutuma akae juu na aliyetoka jasho akae chini. Akafanya yote hayo, akaichapa karatasi, akaniita. Ilikuwa na mistari minne, na alinisomea kwa kidole.

«Tazama, ndugu yangu. Wa kwanza: pokea mstari wa oda. Huyo ni mama ameandika, basi. Wa pili: onyesha upya skrini ya Mkurugenzi. Wa tatu: hesabu dawa zote za ghala. Wa ine: tafuta jina la dawa.»

Nikamwambia sioni kitu.

«Kila mama akiandika mstari moja, mashine inaacha kazi, inahesabu ghala yote, dawa moja moja, jina moja moja, ili skrini ya Mkubwa ikae mpya. Moja tu! Akiandika mia, inahesabu ghala mara mia.»

«Na Mkubwa anaitazama?»

Fundi akacheka. Wote tuliowahi kupeleka faili kule ndani tuliijua skrini ile: mke wa Mkurugenzi aliishonea kitambaa cheupe cha kudarizi, chenye maua pembeni, na juu ya kitambaa palikuwa na chombo cha maua ya plastiki. Tangu iwekwe, ilikuwa ikionyesha hali ya ghala lote, kwa usahihi wa kutisha, kwa upande wa ndani wa kitambaa.

Fundi alipeleka karatasi kwa Mkurugenzi akiwa na furaha ya mtu aliyepata dawa ya malaria. Mimi niliingia naye nikiwa na barua za kutiwa saini. Mkurugenzi alikuwa mtu wa Kifaransa safi na Kinyarwanda cha heshima. Kiswahili alikitunza kwa ajili ya madereva na kwa kugomba. Aliisoma karatasi, akaona cheo chake, uso ukachanua.

«Hii ni mimi?»

«Ndiyo, Patron.»

«Kwa nini iko namba mbili? Namba moja ni nani?»

«Ni oda, Patron. Oda ndiyo inaanza.»

«Oda iko juu yangu?» Alinitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyepanga itifaki ya mashine.

Fundi akamweleza taratibu. Nilimwona Mkurugenzi akielewa, maana alihamia Kiswahili chote. «Wewe unasema dawa inachelewa sababu yangu? Unataka niandike kwa Wizara hivyo? Hii mashine yako inaweza kufuta mstari?»

«Kufuta hapana. Kuficha, inaweza.»

Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba alisita. Alijibu upesi, kama fundi yeyote mzuri aulizwapo chombo chake kinaweza nini. Neno lilipomtoka ndipo akajua amelitoa. Mkurugenzi akatabasamu, akarudi kwenye Kifaransa, akasema basi mistari isiyo ya lazima ifichwe, taarifa iwe fupi, wakubwa hawana muda. Fundi alikuwa na watoto watatu na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alasiri ile aliuficha mstari wa pili, na wa tatu uliokuwa ukining'inia chini yake. Ikabaki mistari miwili: mama ameandika, mashine inatafuta jina. Karatasi safi kabisa, iliyopimwa na chombo cha kisasa, isiyo na neno hata moja la uongo. Mtu yeyote angeisoma angesema ni mama.

Barua ya kumwachisha kazi niliichapa mimi. «Kutokana na uchunguzi wa kitaalamu», ndivyo ilivyoanza. Nilijua yaliyofichwa kama Fundi alivyojua, nikajiambia mimi ni karani tu, karani hachagui barua. Mama aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akachukua mto wake wa kiti aliokuwa ameuleta kutoka nyumbani. Alimpita Fundi kwenye ukumbi. «Bwana Fundi, kwaheri,» alimwambia, «nashukuru ulijaribu.» Maana alikuwa amemwona na kile kitabu siku zile tatu, akadhani alishindwa.

Nafasi yake ilichukuliwa na binamu wa mke wa Mkurugenzi, na hapa lazima niwe mwadilifu: yule mwanamke alijua kuchapa. Vidole vyake vilikwenda kama mvua juu ya mabati. Mama alikuwa anaingiza mstari kisha anangoja kwa subira; huyu aliingiza mitano mashine ikiwa bado kwenye wa kwanza. Na kwa kuwa kila mstari ulikuwa na hesabu yake ya ghala zima, mashine iliyokuwa inatembea sasa ilikaa chini. Orodha ya saa tisa ikaanza kutoka kesho yake. Mkurugenzi aliagiza uchunguzi. Alipendekeza tununue mashine kubwa zaidi. Alipendekeza pia kapeti katika chumba cha mashine, kwa sababu ambazo hazikuelezwa.

Wiki ya tatu alikuja sista mmoja, muuguzi wa kambi. Hakuja kugomba. Alikuwa amepanda lori tupu lililokuwa likirudi mjini, akaketi kwenye benchi la ukumbi wetu na kanzu yenye vumbi mpaka kiunoni, akaomba kujua serumu zake ziko wapi, yale maji ya kumtundikia mgonjwa anayeharisha. Nikamwambia ziko ghalani, orodha bado haijatoka. Akauliza itatoka lini. Nikasema mashine ina matatizo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa mvua inanyesha.

«Jana tulizika mtoto,» alisema. «Wa miaka miwili. Mama yake alinishika mkono akaniuliza dawa inatoka nchi gani, mbona haifiki. Nimeona aibu kumwambia inatoka Muhima.»

Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake na kikombe cha chai. Alikiweka chini sakafuni, pale pale, kwa uangalifu mkubwa. Akaingia ndani. Nilisikia printa ikianza.

Siku hiyo Mkurugenzi alikuwa na wageni wawili wa Wizara pamoja na yule mshauri, aliyekuwa amerudi kutoka kwa sokwe akiwa na rangi nzuri. Fundi aligonga, akaingia bila kungoja, na mlango haukufungwa nyuma yake, kwa hiyo ofisi nzima ilisikia. Aliweka karatasi mbili mezani.

«Hii ndiyo niliyowapa,» alisema kwa Kifaransa. «Hii ndiyo chombo kiliona. Tofauti ni mistari miwili. Niliificha mimi.»

Mkurugenzi akadakia kwa Kiswahili, «Nani alikutuma?»

Nilisimama nikingoja jibu, maana lilikuwa swali zuri na jibu lake lilikuwa limeketi nyuma ya meza ile. Fundi akasema: «Ningeweza kukataa, Patron. Sikukataa. Mkono ulikuwa wangu.» Kisha akazunguka meza, akaondoa maua ya plastiki, akaondoa kitambaa, na wageni wa Wizara wakaona ile skrini ikijihesabia, dawa baada ya dawa, taratibu, kwa bidii ya kusikitisha. Akarudi kwenye chumba cha mashine, akakata amri iliyoituma skrini ile ihesabu. Binamu wa watu alipiga kelele kule mezani kwake: mistari ilikuwa inapita kama mashine imepandwa na pepo. Orodha ilitoka kabla chai ya wageni haijapoa. Sista aliondoka na lori la kwanza, ameketi mbele, katoni moja ya serumu akiwa ameipakata mwenyewe.

Msitarajie kwamba Mkurugenzi alipatwa na lolote. Alisifiwa na Wizara kwa kusimamia uchunguzi hadi mwisho, mshauri akaandika taarifa iliyosema chombo chake kimefaulu, na kitambaa kikarudishwa juu ya skrini. Skrini yenyewe ilikuwa imezimwa. Hakuna aliyegundua. Fundi alihamishwa kwenda kuhesabu masanduku katika ghala la mkoani, mahali pasipo hata umeme, pengine ili asipate tena chombo cha kupimia mtu.

Kabla hajaondoka alinivuta twende Nyamirambo. Nilijua tunakwenda kwa nani, nikatafuta sababu ya kutokwenda, nikakosa. Mama alikuwa uani anakata nguo za shule kwenye mkeka, sindano mdomoni. Fundi alitoa ile karatasi akaanza kumweleza mstari wa kwanza, wa pili. Mama akazitoa sindano moja moja.

«Mimi karatasi zenu sizijui. Niambie neno moja. Siku naondoka, nikakushukuru. Ulijua?»

«Nilijua.»

«Na huyu?» Alinionyesha kwa mkasi.

«Mimi pia, mama,» nikasema.

Aliukata mkono mmoja wa shati mpaka mwisho. Kisha akasema, «Kaeni basi. Mmesimama kama askari.» Hakutupa chai. Alituambia jinsi mwanawe alivyomuuliza kama ni kweli hajui kuandika. Alituambia yote, nasi tulikaa tukayasikia, na nilielewa kwamba hicho ndicho alichotukaribishia. Wiki iliyofuata nilichapa barua nyingine ikimrudisha kazini «kwa hisani ya Mkurugenzi». Aliirudisha kwa mkono wa dereva, hisani imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu na pembeni ameandika, kwa mwandiko wa masista: «Sijaomba hisani. Andikeni nani alikosea.» Ilichukua barua tatu. Ya tatu ilisema uchunguzi wa kwanza ulikuwa na kasoro na kwamba mchapaji hakuwa na kosa lolote. Akaja na mto wake.

Miaka miwili baadaye yalikuja mambo ambayo safu hii haiwezi kuyabeba. Ofisi ilikwisha, na wengi wa waliokuwamo. Fundi alivuka ziwa, akarudi, akafungua chumba kidogo Muhima cha kutengeneza kompyuta, na hapo ndipo tulipozeekea. Mteja akisema mashine yake nzito, alimpa kiti na kumsimulia habari ya mstari wa pili, bila kujipunguzia hata kidogo. Nilimwambia mara moja kwamba watu wanamwona shujaa katika hadithi hiyo. Akakasirika. «Nilisema kweli nimechelewa wiki tatu,» alisema. «Yule mtoto alikuwa tayari ardhini. Shujaa wa nini?»

Tulimzika juzi. Walisimama wasemaji sita, wote wakarudia redio: hakuwahi kusema uongo. Wa saba alikuwa mama mchapaji, ana fimbo sasa, na wanawe walitaka kumkalisha. Akakataa.

«Alisema uongo mmoja,» alisema, na watu wakaanza kuangaliana. «Ulinipotezea kazi. Kisha akaja nyumbani kwangu kwa miguu yake, akaniambia ni yeye, kabla sijaambiwa na mtu. Mimi katika nchi hii nimekosewa na watu wengi. Wengine wakubwa, wengine majirani. Waliokuja mlangoni kusema ‹ni mimi› ni wawili. Mmoja huyu tunayemfukia.»

Hakumtaja wa pili. Nilitazama viatu vyangu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule nilijua kwamba kwenda nyumbani kwa yule mama, nikiburutwa, nikitafuta sababu ya kugeuka njiani, ndilo jambo bora nililowahi kufanya katika utumishi wangu wote. Kwa hiyo nawaachia wasomaji hili, na mnisamehe kama leo halina mzaha: yupo mtu mahali fulani anayebeba kosa lako kwa jina lake, na bado unaijua nyumba yake. Nenda angali ana uwezo wa kukunyima chai.